Kingamwili Iliyoshika Kila Kitu

Bergen, Norwe
Jumapili mchana

Dada yangu Martina,

Shikamoo. Kwanza niambie mmeamkaje hapo Maretadu. Mama anaendeleaje na magoti yake? Maharage yamelistahimili hilo jua? Na Yasinta wetu yukoje? Mimi mwili ni mzima, kazini naenda, nalala, naamka. Kwa afya sina la kulalamika.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukipokea pale dukani Dongobesh watu wote wanasikiliza, na habari hii sitaki uipate ukiwa umesimama mbele ya watu. Tafuta mahali ukae.

Unakumbuka likizo yangu ya mwisho, ile sherehe ya kipaimara kwa jirani. Yasinta alikula makande na watoto, akala tena na sisi, halafu nikamkuta ghalani anatafuna mahindi makavu, fizi zinatoka damu. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Huyu nyumbani kwao wanamnyima." Wewe ukaingia ndani kulia. Mimi nikakaa naye, nikamuuliza anajisikiaje. Akanijibu, "Mama mdogo, tumbo limejaa, lakini njaa haijaondoka."

Nilirudi huku na maneno hayo, nikamweleza Daktari Ingrid, mkuu wa maabara yetu. Akasema huenda mtoto hana tabia mbaya wala uroho, huenda ubongo wake haupati habari. Mtu akila, mwili unapeleka ujumbe wa shibe kwenye ubongo, na huko kuna kitu kidogo sana kinachoupokea, wanakiita kipokezi. Wapo watu ambao chao kina kasoro tangu kuzaliwa. Ujumbe unafika, hakuna wa kuupokea.

Ingrid alikuwa anakitafuta kipokezi hicho hicho katika ubongo wa marehemu ambao familia zao ziliruhusu. Kwa macho hakionekani, hata kwa darubini. Kwa hiyo tuliagiza kingamwili, dawa ya maabara inayokuja ndani ya barafu, kwenye kichupa kidogo kuliko kidole chako cha mwisho. Imetengenezwa ishike kipokezi hicho tu, isiguse kingine. Unakata kipande cha ubongo chembamba kama ngozi ya kitunguu, unakiweka kwenye kioo, unadondoshea, unatia rangi. Iliposhika panakuwa kahawia.

Kukata na kutia rangi ilikuwa kazi yangu. Siku nilipoiona ile kahawia ya kwanza, dada, nilikimbia kumwita Ingrid. Ingrid akasema tukimaliza hapa tutaandikia hospitali ya huko nyumbani, damu ya Yasinta ichukuliwe, ipimwe. Ndiyo siku ile niliyokupigia, ukapiga vigelegele mpaka mwenye duka akauliza nani amejifungua.

Sasa, kabla ya kuyatangaza majibu ilibidi tuijaribu kingamwili ile kwenye chembe hai zisizo na kipokezi kabisa, zilizokuzwa hapo hapo maabara. Hizo zilitakiwa zibaki nyeupe. Nilizitayarisha mwenyewe. Nilipochungulia nikadhani nimechanganya vioo.

"Ingrid, njoo uangalie."

Akaangalia. "Hiki ni kioo cha ubongo?"

"Hapana. Ni zile tupu."

"Rudia."

Nikarudia. Nikapunguza nguvu ya dawa, nikabadilisha maji, tukaagiza kichupa kingine. Kila mara kahawia, sawasawa na kwenye ubongo. Kingamwili ile inashika kila kitu inachokutana nacho. Basi rangi yote tuliyoifurahia haisemi lolote. Labda kipokezi kilikuwepo, labda hakikuwepo. Sisi hatukukiona.

Wafadhili wamesimamisha mradi. Mimi nimehamishiwa kwenye vipimo vya samaki wa kufugwa. Kabla sijahama nilimuuliza Ingrid kuhusu damu ya mtoto. Akanishika mkono wa koti, akasema, "Veronika, sina tena mahali pa kuipokelea."

Nikasema, "Na dawa ya kumtibu?"

"Hata tungekiona, dawa hakuna. Sikutaka kukuambia wakati ule."

Nimeandikia wengine. Mmoja amekaa kimya, mwingine amesema wanapokea wagonjwa wa nchi yao tu. Sijui tena pa kubisha hodi.

Mara ya mwisho Yasinta alichukua simu kwako akaniuliza, "Mama mdogo, rangi imeshika?" Nikamwambia anipe mama yake. Nimejaribu kuandika hapa maneno ya wewe kumsomea, nimechana karatasi. Mwambie wewe unavyojua. Na tafadhali nenda shuleni, mwambie mwalimu kwamba uji wa wenzake hauchukui kwa wizi, huo ni ugonjwa, asimchape. Katika yote tuliyoyafanya huku, ninalokutumia ni hilo tu, kwamba ni ugonjwa. Hata hilo siwezi kulithibitisha kwa kioo.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie sijaacha kusali ingawa siku hizi sina maneno. Mjomba wa Endagikot msalimie, na katekista anayemwombea mtoto kila Jumapili, mshukuru. Usimwambie aache.

Shemeji msalimie sana. Ulinieleza kwamba anataka kulitoa kufuli mliloliweka kwenye mlango wa jiko kwa ajili ya Yasinta, kwa kuwa uponyaji uko njiani. Mwambie aliache.

Mdogo wako,
Veronika