Ng'ombe wa Paskali kwa Pumzi Moja

Katesh, masika

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee hata kama imekaa njiani wiki mbili na bahasha imelowa. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umempa jirani tena? Nakujua, mama! Mimi ni mzima, ila baridi ya huu mlima wa Hanang haina adabu. Nalala na koti la kazini.

Uliuliza mbona nimekuwa kimya. Nilikuwa nauguza mgonjwa, tena nilikuwa na aibu.

Mafua makali yalipita katika kijiji cha ujamaa cha hapa jirani, kila nyumba watu wanakohoa. Kijana mmoja, Paskali, anayefyatua matofali ya shule mpya, aliugua akapona. Wiki mbili baadaye akaja zahanati, akasema vidole vya miguu vina ganzi na miguu inamwishia nguvu. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshamwita kupe anayekwepa kazi ya wote. Na mimi, mwanao mwenye cheti cha unesi, nikampa aspirini nikamwambia arudi kazini! Kesho yake alianguka akiwa amebeba tofali kichwani, miguu haikumwinua tena. Nililia chooni watu wasinione.

Daktari alikuja kutoka Mbulu, Landrova yote tope. Akayagonga magoti ya Paskali kwa nyundo yake ndogo, miguu haikushtuka hata kidogo. Akanieleza bila kunifokea: mdudu wa mafua akishafukuzwa, mara chache askari wa mwili hawajui kwamba vita vimekwisha, wanaivamia mishipa ya fahamu ya mwenye mwili. Udhaifu huanzia miguuni ukapanda.

"Wengi hupona, nesi. Lakini udhaifu ukifika kifuani, atashindwa kupumua. Kila saa mwambie ahesabu kwa pumzi moja. Pumzi ikizidi kupungua, aletwe hospitali hata kwa machela."

Basi nikamwambia Paskali kwa kumchangamsha, "Haya, hesabu ng'ombe wa kwenu."

Mama yake akaruka. "Weee, nesi! Ng'ombe hawahesabiwi, unataka waishe? Ng'ombe huitwa."

Paskali akawaita kwa majina. Siku hiyo walitoka kumi na mmoja, wote (nilihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa aproni, usimwambie mtu). Kesho yake wanane. Halafu sita. Halafu watano, mto umefurika hata machela haiwezi kuvuka, na sauti imekuwa nyembamba, nikaona huyu anatuacha na mwenye kosa ni mimi.

Mama, yule mwanamke sijaona mfano wake. Alimgeuza ubavu, akamkanda miguu kwa samli, akamnywesha uji kijiko kimoja kimoja huku anamtazama koo. Mimi nikipitiwa na saa, yeye hapitiwi: "Paskali, waite." Na kwa wale ng'ombe ambao pumzi haikuwafikia, alisema tu, "Watatusubiri." Balozi naye alikuja, kofia mkononi, akaomba zamu ya kumgeuza. Akapewa zamu, wala hakukumbushwa lile neno lake. Na mimi sikukumbushwa aspirini. Ningesemwa ningepumua, lakini yule mama alinipa kikombe cha maziwa akaniambia nikae.

Siku tatu wakabaki watano. Ya nne wakawa sita. Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia!

Sasa anakaa kitini, na miguu imeanza kurudi polepole. Juzi aliwaita ng'ombe wote, mama yake amesimama mlangoni, na pumzi ikabaki. Kwa ile iliyobaki akasema, "Shikamoo, mama." Yule ambaye hakudondosha chozi siku zote hizo akajifunika shuka usoni. Marahaba ikatokea humo humo ndani ya shuka.

Nisalimie baba, dada mkubwa na wanawe, na mjomba anayedai huku kuna simba watupu. Mwambie simba sijamwona, watu nimewaona.

Na ile shikamoo ya pale juu, mama, safari hii sikuiandika kwa mazoea. Niitikie.

Mwanao,
Monika