Mizani Iliyoganda Mbele ya Watu

Zuhura mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, nami naiitikia: marahaba. Hapa Mabawa hatujambo. Mama yako amepona mafua, ila amenuna kwamba humpigii simu.

Umeniuliza utaikamataje programu yako inayozima mara moja moja, na ukiichunguza inatulia. Nilipokuwa karani kijana sokoni Muheza, niliandika programu ya mizani ya umeme ya kupimia machungwa. Foleni ikirefuka, mizani inaganda. "Binti, mwanao kazirai tena!" wachuuzi walinitania, nami nikajificha ndani kwa aibu, nikihofia kufukuzwa. Wakiondoka naijaribu taratibu, kitufe kimoja kimoja, haigandi.

Kinachonitia haya hadi leo si kicheko chao. Nilikuwa naibembeleza isizime, maana sikutaka kuona kwamba kosa ni langu. Siku moja nikavibonyeza vitufe haraka haraka, kama nifanyavyo foleni ikirefuka, mbele yao wote, ikaganda papo hapo. Ishara ya kitufe cha pili ilikuwa inaikatiza programu kabla haijamaliza kushughulikia ishara ya kwanza, nayo inasahau ilipoachia kazi. Walicheka sana, lakini nikairekebisha programu, na jioni ile mizani ikapona.

Kesho mwite mkubwa wako kazini, uizimishe makusudi akiona.

Bibi yako akupendaye,
Mwanahamisi