Wanzala Alinisaidia Hardly

Laini Saba, kwa chumba cha kanisa
9 Februari 2008

Everlyne,

Wewe msichana, nani alikutuma unifundishe neno la uongo? Salamu baadaye. Miguu inauma, nakula, basi.

Krismasi uliniambia mtu akifanya kitu kwa nguvu zote, Wazungu wanasema hardly, na hiyo r isisikike. Nikaliweka kichwani. Juzi yule mama Mzungu wa kugawa unga akaja kuniuliza juu ya Wanzala, jirani yetu, wanataka alinde stoo ya chakula. Nikasema kwa sauti, "Wanzala help me hadli!" Mtu alinitoa ndani ya nyumba inawaka siku ya fujo za kura, akanibeba mgongoni kama gunia! Mama akaandika, akaenda. Leo kazi amepewa mwingine. Watu wanasema ni mimi nilimkataa.

Nijibu haraka. Barua mpe Mwongeli wa mboga, ataniletea.

Nyanya yako,
Syombua

Kawangware
13 Februari 2008

Shosho,

Pole na miguu. Mimi niko sawa, ingawa huku bado tunafunga mlango mapema.

Shosho, nimekosa. Kwa nguvu ni hard peke yake. Nilidhani ukiongeza ly linakuwa Kiingereza kizuri zaidi. Kumbe hardly ni karibu hakuna kitu. Ulisema Wanzala hakukusaidia. Nimeuliza mwalimu hapa ploti, akacheka sana. Mimi nililia.

Lakini si Rachael wa kwaya alikuwa hapo kutafsiri? Mbona hukuongea tu Kiswahili?

Mjukuu wako,
Eve

Laini Saba
24 Februari 2008

Everlyne,

Usiniulize maswali kama polisi. Nimekawia kujibu kwa sababu ya hilo swali lako. Rachael alikuwa hapo. Nilimwambia anyamaze, mimi nina mjukuu wa sekondari. Nilitaka wamama waliopanga laini ya unga wanisikie. Hilo ni kosa langu, si lako.

Wanzala bado ananiletea maji. Anaweka mtungi mlangoni, hasemi hata "habari mathe", anaenda. Jana nilimsikia mke wake, Kageha: "Si nilikwambia? Ulibeba Mkamba, ona sasa!" Yeye akajibu, "Wachana nayo." Anadhani nimemkataa juu ya kabila. Mimi nilikuwa hapo mlangoni kwao na mdomo wangu wote huu, na sikusema kitu.

Sasa sikia. Jumamosi asubuhi uje, upitie njia ya reli, kuna watu. Kwa yule mama wa unga tutaenda baadaye, huko utaongea wewe. Kwanza ni kwa Wanzala. Huko naongea mimi, kwa Kiswahili, Kageha akiwa amekaa hapo hapo. Wewe funga mdomo mpaka nimalize.

Nyanya yako,
Syombua