Sura ya Mwisho ya Faizal

Makindye,
8 Machi 2025

Mdogo wangu Zuhair,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mifupa imetulia na blanketi inatosha, maana huko kwenu asubuhi kuna baridi na baridi haikupendi. Sisi hatujambo. Kikohozi cha Mama kimekwisha. Kesho ni siku ya kutembelewa, kwa hiyo atakuletea vidonge vya miezi miwili na chupa kubwa ya maji. Usiigawe hiyo chupa. Najua utaigawa.

Ndani ya bahasha kuna sura ya kumi na ya kumi na moja za kitabu cha tatu cha Faizal. Zisome kwa penseli kama kawaida yetu. Mhariri anadhani nina kipaji cha kujua watoto wanavyosema. Hajui kwamba tangu uwe na miaka kumi kila neno la Faizal linapita kwako kwanza. Nilimpa ugonjwa wako wa selimundu, nikampa na ukorofi wako. Vitabu viwili vimesimama kwa hayo tu.

Sura ya mwisho sijaimaliza, ingawa mhariri anataka kitabu kiwe dukani kabla ya Mei. Ikiwa tayari utaiona.

Kunywa maji.

Dada yako,
Farhana

*

Shuleni,
23 Machi 2025

Dada Farhana,

Waalaikum salaam. Mimi mzima, ila chakula cha hapa ndicho mgonjwa. Chupa niligawa na Wanjala peke yake, na yeye si mtu wa kuhesabiwa, tunalala kitanda cha juu na cha chini.

Sura nimezisoma mara mbili. Masahihisho: Faizal hawezi kutoka wodini Jumatatu halafu Jumanne anakimbiza mwizi wa betri mpaka Kalerwe. Miguu inakuwa kama ya mzee, mpe siku nne. Pili, huyo msichana wa maktaba mwondoe. Wanjala anasema, "Muulize dada yako, huyo Faizal anaumwa au anaoa?"

Sura ya mwisho nakuomba umpeleke kidato cha tano. Kitabu cha kwanza alipona, cha pili alipona, sasa afaulu na mtihani. Nataka kuona atachagua masomo gani, labda na mimi nitajua.

Mwalimu Olweny anakwenda mjini kesho, amekubali kuibeba barua hii. Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Zuhair

*

Shuleni,
8 Juni 2025

Dada Farhana,

Asalaam alaikum. Hongera kwa tuzo ya Nairobi. Mimi sijambo.

Mama aliniomba nisikuandikie haya. Nimekaa nayo wiki mbili, nimeshindwa.

Likizo yote ulikuwa Nairobi. Siku ya tatu nimerudi nyumbani nilikwenda na Mama soko la Kalerwe kununua matoke na nyanya. Tunarudi, tunakuta viatu vya wanawake mlangoni, majamvi yametandikwa barazani, Hajati Firdaus na wenzake wanasoma Yasini. Sufuria ya chai imeshawekwa jikoni kwa jirani. Mama akaangusha mfuko. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi akasema, "Farhana. Mtoto wangu Farhana." Kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama kando yake, na wewe ulikuwa safarini.

Hajati Firdaus akainua macho akaniona nimebeba matoke. "Audhubillahi! Huyu si ndiye?"

"Ndiye nani?" nikamuuliza.

"Wewe si umekufa, mwanangu? Tumesikia redioni. Dada yako mwenyewe kasema!"

Tukakupigia simu. Ukasema uko kwenye mahojiano, utapiga baadaye.

Jioni Jafar wa dukani akatusikilizisha kipindi kwenye simu yake. Unasema Faizal ni mdogo wako Zuhair, na kitabu hiki cha tatu ni kumbukumbu yake. Mtangazaji anakwambia pole sana, Mungu amrehemu. Na wewe, dada, unajibu, "Ahsante."

Basi nikachukua kitabu mezani kwa Mama nikasoma sura ya kumi na mbili kama mtu yeyote aliyekinunua. Kumbe ilikuwa tayari. Kumbe uliificha. Faizal anakufa Alhamisi, wodini, dada yake amemshika mguu.

Hapa shuleni kimefika. Wanafunzi wananipisha kwenye foleni ya uji. Mwalimu Olweny ameniondoa kwenye timu ya chesi, chesi! Anasema nisijichoshe. Wanjala peke yake ndiye bado ananitukana vizuri.

Mama amesema kitabu kitachapishwa tena, sasa kwa shule zote za sekondari. Nakuomba kitu kimoja tu. Ibadilishe sura ile kabla hakijachapishwa. Sijakuomba kitu kingine maisha yangu.

Mdogo wako,
Zuhair

*

Makindye,
22 Juni 2025

Mdogo wangu Zuhair,

Asalaam alaikum. Sijui niulize afya yako vipi sasa, kila neno la kuuliza linaonekana chafu. Nauliza hata hivyo. Maumivu yamekuja tena? Unakula?

Mama hakuniambia neno. Nimesoma barua yako nimekaa sakafuni.

Sitakudanganya mara ya pili. Ulipokuwa na miaka saba, daktari mmoja alimwambia Mama kwamba watoto wengi kama wewe hawafiki kidato cha pili. Nilikuwa mlangoni nimeshika soksi zako. Tangu siku ile kila simu ikilia najiandaa. Miaka tisa, Zuhair. Nilipoandika sura ile nilitaka nipite hapo mara moja, kwa kalamu, nijue pana nini, halafu nirudi. Niliiandika kwa siku moja bila kufuta chochote. Sijawahi kuandika vizuri hivyo, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Kuhusu redio: aliponiambia pole, nilitakiwa kumwambia uko hai. Badala yake nilipumzika. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa pole kwa uchovu huu. Hiyo "ahsante" ikanitoka.

Nimempigia mtangazaji, wamesahihisha. Nimekwenda kwa Hajati Firdaus nikaomba radhi. Mwalimu Olweny nimemwandikia kuhusu chesi.

Lakini sura siwezi kuibadilisha. Kamati ya vitabu vya shule imepitisha maandishi kama yalivyo. Nikigusa ukurasa mmoja kinarudi mwisho wa foleni, na huenda kisitoke tena. Nimeandika kwa Kiswahili miaka sita katika mji unaokijua kama lugha ya jeshi, watu wakikisikia wanauliza kama baba yangu alikuwa askari. Sasa watoto wa nchi nzima watanisoma. Nakuomba uelewe, na kama huelewi, unikasirikie lakini uniandikie.

Dada yako,
Farhana

*

Shuleni,
6 Julai 2025

Dada,

Salaam.

Nimeelewa kamati. Kuna kitu wewe hujaelewa na nitakisema mara moja.

Maumivu yakinishika, kabla ya dawa kufanya kazi kuna saa moja au mbili ambazo hakuna mtu wa kunisaidia. Hapo nilikuwa nasema moyoni: Faizal alipona kwenye daraja la Clock Tower, akapona kwenye mafuriko ya Bwaise. Nilijua ni wewe unayetunga. Ndiyo maana nilikuwa naamini, kwa sababu ni wewe.

Juzi yamenishika. Nikaanza kusema, nikafika Alhamisi ile, mkono wako kwenye mguu wangu. Sikuwa na pa kwenda.

Zuhair

*

Makindye,
19 Oktoba 2025

Mdogo wangu Zuhair,

Asalaam alaikum. Hii ni barua ya tano tangu Julai. Nne nadhani umezipata, Mama anasema alikupa mkononi.

Ijumaa nilikuja hospitali ya Mulago. Mama alikuwa amenificha kwamba umelazwa siku tisa. Lilimtoka akitafuta shuka zako. Nilikuja na supu. Muuguzi wa mapokezi akaniuliza mimi nani wa mgonjwa, nikasema dada. Akafungua faili lako.

"Wa kumwona ameandika mama yake, na rafiki yake Wanjala. Dada hayupo."

"Mimi ndiye niliyemlea," nikamwambia.

"Sawa, mama, lakini ana miaka kumi na sita, nilimuuliza mwenyewe. Amesema hana dada. Ngoja nimuulize tena."

Nikamwambia asikuulize. Niliogopa utarudia nikiwa nimesimama pale.

Pazia lilikuwa wazi kidogo. Nilikuona umekaa, dripu mkononi, ubao wa chesi kitandani, Wanjala anakushtaki kwa mgonjwa wa pili kwamba umeiba askari wake. Ulikuwa unacheka mpaka umeshika mbavu. Umenenepa kidogo usoni. Kitabu kizima sikuwahi kumwandika Faizal hivyo, na sikujua kwamba ungeweza kuwa hivyo wodini, kwa sababu kila nilipokuwa mimi kando ya kitanda ulikuwa ukinitazama usoni kujua kama unakufa.

Supu nilimwachia muuguzi. Nilimwomba aseme imetoka kwa Mama.

Kitabu kimetoka wiki jana, Faizal amekufa katika nakala elfu arobaini. Jumatatu nina shule mbili za kutembelea, na watoto wataniuliza kama ni kisa cha kweli. Sijui nitawajibu nini. Zamani ningekuuliza wewe.

Barua hii sitampa Mama. Nitampa Wanjala langoni mwa shule, yeye ataamua kama uko tayari kuisoma.

Dada yako,
Farhana