Mkwaruzo wa Wimbo wa Nne

Mpendwa Mshauri,

Barua hii nimeichana mara tatu kabla ya hii unayoisoma, kwa sababu kila nilipoianza niliona inachekesha, na mimi sicheki. Nisaidie, na ukishindwa kunisaidia basi nikaripie, maana nyumbani kila mtu ananionea huruma na huruma hiyo ndiyo inayonimaliza.

Baba yangu ni fundi cherehani. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: cherehani mbili, meza ya kukatia, ubao wa pasi, na rafu ya makopo ya vifungo ambapo redio yake ya sidii ilikaa tangu sijazaliwa. Baba hafanyi kazi bila muziki. Ana sidii sitini na nne, kila moja ameifunga kwa kipande cha bitana na kuiandika kwa kalamu ya wino mzito, si jina la mwimbaji bali jina la kazi: KOLA, MIFUKO, SARE ZA SHULE, PASI, na moja ameiandika WATEJA WASUMBUFU, ambayo nyimbo zake ni za taratibu mno.

Miezi mitano iliyopita redio hiyo ilikufa. Fundi wa redio aliifungua, akaifunga, akatikisa kichwa, akasema vipuri vyake havitengenezwi tena na nyingine ya namna ile hataipata. Nikamwambia baba asijali, nitazihamishia sidii zote kwenye kompyuta, nimtilie nyimbo kwenye flashi, achomeke kwenye spika ndogo aliyonunuliwa na kaka. Niliahidi wiki moja. Binamu yangu mpiga picha akaniazima kompyuta yake ya zamani, kwa kuwa hizi mpya hazina hata mahali pa kuingiza sidii.

Hapo ndipo nilipopotea, Mshauri, kwa sababu nilidhani kuhamisha ni kuingiza sidii na kubonyeza kitufe, kumbe kuna programu inayosoma haraka na kupita juu ya makosa kana kwamba hayakuwapo, na nyingine inayosoma kila kipande mara mbili na kulinganisha, na kuna fomati ya MP3 ambayo faili zake ni ndogo kwa sababu inatupa sauti inazodhani sikio halizisikii, na kuna FLAC ambayo inabana bila kutupa hata chembe lakini faili zake ni kubwa, na nikajiuliza mimi ni nani hata niamue ni sauti gani ya baba yangu itupwe. Nikafungua daftari. Nikachora jedwali. Nikajifungia stoo na hedifoni, nikasikiliza toazi moja likigongwa kwa MP3, kisha kwa FLAC, kisha tena kwa MP3, mara arobaini, na mara thelathini na nane sikusikia tofauti yoyote, lakini zile mara mbili zilitosha kuninyima amani.

Kaka yangu, ambaye ni fundi umeme na hufanya kila kitu kana kwamba kuna mtu anamngoja nje, alichungulia stoo akasema, "Dada, unataka kuzihamisha hizo sidii au kuolewa nazo?" Yeye anasema zote zitiwe MP3 kwa programu ya haraka, kazi ya siku mbili. Kwangu mimi hilo ni kosa la jinai.

Sasa nikiri. Kila jioni baba akifunga mlango wa karakana huniuliza, "Leo tumefika ngapi?" Siku ya kwanza nilisema mbili, kwa kuwa nilikuwa na hakika kesho yake zitakuwa mbili. Halafu nikasema tano. Kisha kumi na moja. Juzi nilisema arobaini na tatu, akanishika bega akasema, "Pole na kazi, mama," na mimi niliitwa mama nikiwa nimesimama na kompyuta iliyokuwa na sidii moja tu ndani yake. Huku nyuma karakana iko kimya kiasi kwamba wateja wanaingia wakiwa wamevua kofia, na wawili wameshamuuliza mama, anayeshona vifungo pale mlangoni, kama kuna msiba.

Sidii hiyo moja ndiyo PASI. Niliianza hiyo kwa sababu ndiyo iliyoharibika zaidi. Ina mkwaruzo, na katika wimbo wa nne ilikuwa inakwama na kurudia maneno yaleyale matatu, "rudi nyumbani mpenzi, rudi nyumbani mpenzi," hadi baba aje aigonge redio mara mbili kwa kifundo cha kidole. Niliipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, nikaiachia ile programu ya kusoma mara mbili ikahangaika na mkwaruzo huo kwa siku nzima, nikabadilisha mipangilio, nikarudia, na baada ya wiki kadhaa wimbo ukatoka mzima, safi kama ulivyorekodiwa. Nililia, Mshauri. Nikautia kwenye flashi nikamkabidhi baba asubuhi hiyohiyo, akiwa na suruali ya kijivu ya mwalimu mkuu ubaoni.

Ambacho sikukijua, ingawa nimekulia katika nyumba hii, ni kwamba baba hupima pasi kwa mkwaruzo huo. Kila suruali huianzishia wimbo wa nne. Anaikandamiza pasi polepole juu ya kitambaa kilicholoweshwa, macho yakiwa mlangoni akisalimiana na wapita njia, na wimbo ukikwama mkono wake unainuka wenyewe. Siku hiyo wimbo haukukwama. Ukaendelea kwa raha zake, na baba akaendelea kuzungumza na muuza magazeti, na tulichokuja kukisikia ni harufu. Alama ya pasi ilikaa juu ya paja la suruali, imetimia hadi ncha yake. Baba aliitazama, akaitazama spika, akanigeukia akauliza taratibu kabisa, "Mwanangu, huu wimbo umepona lini?" Mama alicheka mpaka akakaa juu ya jora la kitambaa. Baba naye akacheka. Akakata mguu mpya kutoka kwenye mabaki ya kitambaa, na mwalimu mkuu sasa anatembea na mguu mmoja mpya kuliko mwenzake bila kujua. Jioni baba akaniomba, kama mtu anayeomba chumvi, "Ule mkwaruzo hauwezi kurudi?"

Flashi ameichomoa, na tangu hapo sijagusa kitu. Nakala ya kweli ni ipi, ile iliyorekodiwa studio au ile aliyoisikia baba miaka yote hii? Nikirudisha mkwaruzo kwa makusudi, si nitakuwa nimeghushi? Nitumie programu gani, fomati gani? Na haya yote nauliza wakati binamu anasafiri kikazi baada ya siku kumi, na kompyuta anaondoka nayo, na sidii sitini na tatu ziko kwenye kikapu miguuni pangu, na baba anaamini zimebaki ishirini na moja.

Ni mimi,
Wa Stoo


JIBU

Wa Stoo, mwanangu,

Nimeisoma barua yako ofisini nikacheka peke yangu, na nilipofika kwenye kikapu nikaacha kucheka. Pole. Unampenda baba yako kwa bidii mno hadi umemnyima muziki miezi mitano. Mtu asiyejali angekuwa ameshamaliza, na mzee angekuwa anapiga mluzi saa hizi. Likuume kidogo hilo, halafu tuendelee.

Fomati kwanza, maana ndiyo unayojifichia. Inua macho utazame ukuta wa karakana. Baba yako ametundika pale vipande vya karatasi ngumu anavyokatia mashati. Vipande hivyo havivaliwi na mtu. Vinakaa, na kila shati linatoka humo. FLAC ndiyo karatasi yako ya ukutani: hamishia kila sidii humo mara moja, usitupe chembe, na hutakuja kuirudia kazi hii. Kisha kutoka kwenye FLAC toa MP3, ndogo, za kutia kwenye flashi na kuvaliwa kila siku kwenye spika ile. Huo ndio ugomvi wako wote na kaka yako, na nyote wawili mlikuwa sahihi. Mwambie hivyo, hata kama atavimba kichwa.

Programu unayo tayari. Ile iliyoshinda mkwaruzo kwa kusoma mara mbili ndiyo hiyohiyo. Nyingine zote zifute leo ili zisikuite. Lakini iwekee mpaka. Sidii ikigoma zaidi ya nusu saa, itoe, iandike kwenye daftari lako, ingiza inayofuata. Ukitiwa kishawishi cha kubadilisha mipangilio, inuka ukanywe maji. Na programu ikijileta kukujazia majina ya albamu na waimbaji, ikatalie. Folda ziitwe kama baba yako alivyoandika: KOLA, MIFUKO, WATEJA WASUMBUFU. Mzee hatafuti kwa mwimbaji, anatafuta kwa kazi.

Kwa kuwa kompyuta si yako, faili zote ziingie kwenye diski ya nje, na nakala ya pili aitoe na kukaa nayo kaka yako, maana anapenda haraka na hii ni kazi ya haraka. Sidii zenyewe zirudi kwenye bitana zake. Asitupe mtu hata moja.

Sasa mkwaruzo. Unauliza nakala ya kweli ni ipi. Swali zuri, na ungeweza kuzeeka nalo humo stoo. Zipo mbili, mwanangu, na diski ina nafasi ya zote. Wimbo uliouponya uhifadhi, umeufanyia kazi nzuri na siku moja utausikiliza kwa raha. Halafu tengeneza mwingine wa karakana: fika pale ulipokuwa unakwama, kata yale maneno matatu, yabandike tena na tena hadi mwisho wa wimbo, ili mzee alazimike kuja kuigonga spika na kubonyeza unaofuata. Hujaghushi chochote. Umemrudishia fundi chombo chake cha kazi. Uufanye huo kabla ya sidii nyingine yoyote, kabla mwalimu mkuu hajaleta suruali ya pili.

Limebaki lile gumu, ambalo umelificha katikati ya barua kama mtu anayeficha kiraka ndani ya bitana. Ile arobaini na tatu. Hutaifikia kimyakimya ukaipita bila yeye kujua; najua ndiyo uliyokuwa unaipanga. Kesho asubuhi, kabla hajafungua mlango kwa wateja, nenda na kikapu, kiweke juu ya meza ya kukatia umwambie, "Baba, nilikudanganya. Imehama moja tu." Usieleze toazi. Usilete jedwali. Nyamaza umwache aseme atakachosema. Mtu aliyeunguza suruali ya mwalimu mkuu akaishia kucheka hatakuangushia paa.

Akishasema, toka stoo. Kompyuta ihamie karakana, karibu na makopo ya vifungo, pale palipokuwa na redio. Baba ndiye achague sidii ya kuingiza, wewe ubonyeze. Anajua ipi inamuuma zaidi kuikosa, na wewe hukuwahi kumuuliza. Ulianza na iliyoharibika kwa sababu ilikupa shida uliyoipenda. Zikihama, mtilie kwenye flashi siku hiyohiyo azisikilize, usingoje zitimie zote.

Zimebaki sitini na tatu. Saba kwa siku ni siku tisa, na ya kumi unaipangusa kompyuta ya binamu na kumrudishia na shukrani. Saba ni kama saa mbili za kazi, huku mama anashona vifungo na watu wanavaa kofia zao.

Na jioni, mlango ukifungwa, atakuuliza tu, maana ameshazoea: leo tumefika ngapi? Mjibu nane. Na ziwe nane.