Askari wa Buti Moja

Jumanne, 3 Juni

Nimerudi kambini Dzaleka toka Lilongwe. Baridi kali. Dotolo Kamwendo, yule daktari wa meno anayekusanya askari wa kuchezea, leo amenipa kwacha elfu kumi na tano kwa askari mmoja wa mbao niliyemchonga. Mmoja! Mwezi wa nne alikuwa ananipa elfu tano, tena akinung'unika.

Nikamuuliza kulikoni. Akafungua kabati lake la vioo, akanionyesha wale wake wa zamani, wa chuma, wadogo kama kidole, wanaotoka Ulaya. Anasema hao sasa hawashikiki. Kila mwaka bei inapanda, inalipwa kwa dola, na dola yenyewe haionekani. Wenzake wa grupu la WhatsApp nao wamechoka. Njo maana wamegeukia wangu.

Akamshika huyu mpya, mwenye buti mguu mmoja na sandali mguu mwingine. Akasema askari bila historia ni kipande cha ubao tu. Huyu historia yake ni nini?

Nikamwambia. Nikasema huyu alimkamata shemeji yangu kwenye kivuko cha mto, dada yangu akiona kwa macho.

Mimi sina dada.

Jumatano, 4 Juni

Hapa hakuna anayesoma, basi niandike ukweli. Ile historia ni ya Mama Xaverine, jirani yetu wa nyumba ya pili, Mnyarwanda aliyekulia Uvira. Aliisema mwezi wa pili, katika kikundi chetu cha maombi, hapahapa kwangu, mchana. Miaka kumi na moja hakuwahi kufungua mdomo. Alisema askari walikuwa wanne. Aliyemshika mume wake shati alikuwa na buti moja tu, mguu mwingine sandali. Sura yake haikumbuki. Anakumbuka ile miguu.

Mume hakurudi.

Tuliahidiana: yanayosemwa kwenye kikundi yanabaki kwenye kikundi. Mimi njo sekretere. Mimi njo niliandika hiyo sheria, kwa mkono huu huu.

Na mimi mwenyewe? Nilitoka Fizi kwenye lori la mjomba kabla vita haijafika kwetu. Nilikuwa nakula karanga njiani. Askari sikuona hata mmoja.

Najiambia mikono ilichonga bila kuniuliza. Labda. Lakini mdomo uliongea, na mdomo ni wangu.

Jumamosi, 14 Juni

Elfu arobaini asubuhi. Sitini na tano saa sita. Kuna mfanyabiashara wa soya kule Mitundu, jina lake Bwana Chisale, naye anakusanya, naye anataka askari wa buti moja. Wanashindana kwenye grupu. Dotolo amenipigia simu anacheka: amemshinda Chisale! Ananiomba nisichonge wengi, wakiwa wengi bei itaanguka. Halafu ananiomba niongeze maneno kwenye historia. Dada alilia? Alisema nini?

Nikaongeza. Ee Mungu. Nikaongeza kabisa, kama mtu anayeongeza chumvi.

Nilipita Area 23, mjini Lilongwe, kununua rangi ya kijani na nyeusi. Mke wangu Annuarite nimemletea kitenge, mtoto wetu Douce blanketi. Annuarite akashika mikono yangu, akasema Mungu ameikumbuka mikono hii. Nikaitoa. Nikasema ina rangi, itakuchafua.

Haikuwa na rangi.

Jumatano, 18 Juni

Siku mbaya.

Mama Xaverine ameingia atelye, hapa ninapochongea, na kigoda chake kilichovunjika mguu. Sikumsikia — nilikuwa napiga msasa. Na askari wako pale kwenye meza, wanane, wamepangwa mstari, rangi inakauka. Kila mmoja buti moja, sandali moja.

Aliweka kigoda chini taratibu. Akainama, akawatazama kama mtu anayechagua nyanya. Akamchukua mmoja.

"Huyu ni nani?"

Nikasema: "Ni vitu vya batoto, mama. Vya kuchezea."

"Batoto ya nani?"

"Ya mjini."

Akamgeuza. Akapitisha kidole kwenye mguu. Rangi ilikuwa mbichi, ikamshika.

"Buti ilikuwa kushoto," akasema. "We umeweka kuume."

Akamrudisha palepale, kwenye mstari, akamnyoosha asipinde. Akatoka. Kigoda akakiacha.

Nilikaa pale mpaka Annuarite alipokuja kuniita chakula, nsima imepoa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimetengeneza kigoda. Miguu yote mitatu mipya, si mmoja. Nimempelekea pamoja na kilo mbili za sukari. Nilikuwa nimejipanga: nitasema nisamehe, nitasema yote, na grupu, na bei, na dada wa uongo.

Akafungua mlango. Akashukuru kwa kigoda. Akakiingiza. Sukari akaiacha nje, kizingitini, akafunga.

Nikasimama na sukari. Watu wanapita. "Bwana asifiwe, Papa Douce!" Asifiwe, asifiwe. Nikarudi nayo nyumbani. Annuarite akauliza nimenunua sukari ya nini, iko ingine.

Na bado — niandike hata hili — nilirudi atelye nikawageuza wote wanane. Buti kushoto. Sijui nilidhani nini. Kwamba nikiweka mguu sawa nitakuwa nimetubu?

Jumapili, 22 Juni

Kanisani sikuweza kumtazama Mama Xaverine. Yeye alikuwa benchi ya mbele, anaimba.

Tukitoka tu, simu. Bwana Chisale mwenyewe, kutoka Mitundu. Dotolo amempa namba yangu. Sauti nzito, Chichewa cha haraka. Askari anao sasa watatu. Anachotaka ni yule dada. Nimchonge dada, awe mbele ya askari. Laki moja na nusu.

Nikasema wanawake sichongi.

Laki moja na themanini. Na awe amepiga magoti, akasema, mikono juu. Itapendeza zaidi.

Nikasema nitafikiri.

Sikufikiri. Jioni ubao ulikuwa mkononi.

Jumanne, 24 Juni

Nimemaliza. Nilitaka sura iwe ya mtu yeyote, sura bila mtu. Ikatoka yake. Paji la uso, ile mikunjo ya pembeni ya mdomo, kitambaa kilivyofungwa. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hilo njo linaniumiza: nilipomtazama, kabla ya aibu kuja, nilifurahi.

Nimemfunga kwenye gazeti. Nimemtuma kwa dereva wa minibasi anayejuana na Dotolo. Sitaki alale hapa.

Annuarite amejua. Sijui kaambiwa na nani; labda alimwona nilipokuwa namfunga. Alisema tu: "Papa Douce, ule si Mama Xaverine?" Nikasema anafanana. Akaosha sahani moja muda mrefu sana. Kitenge kile hajakishona mpaka leo.

Ijumaa, 27 Juni

Wanakuja! Kesho! Dotolo na Chisale, kwa gari. Wanataka kuona atelye na kumsalimia dada. Nikasema dada ni mgonjwa. Dotolo akasema vizuri, yeye ni daktari. Nikasema haelewi Chichewa wala Kiingereza. Akasema wewe utatafsiri.

Nimeenda kwa Mama Xaverine saa kumi. Nimeenda kusema. Nilikuwa nayo yote kichwani, hata neno la kwanza.

Nikasema: "Mama, kesho kuna bageni toka mjini. Banapenda kusalimia bamama ba kanisa."

Alikuwa anachambua maharage. Akanitazama muda.

"Bageni ba nani?"

"Banapenda kazi ya mikono."

"Kazi ya mikono," akasema. Akarudia kuchambua. "Nitakuja."

Mbona amekubali?

Jumamosi, 28 Juni. Asubuhi.

Wamechelewa. Labda hawaji. Naomba gari liharibike. Nimefika hapo: kuomba gari la mtu liharibike.

Jumamosi. Saa tano na nusu.

Naandika wima, atelye, nyuma ya pazia. Nimesema natafuta kitambaa cha kufungia.

Walifika saa tano. Dotolo na koti lake zuri, Chisale mnene, mpole kuliko sauti yake. Annuarite ametoa viti. Mama Xaverine akaja, amevaa nguo ya kanisa. Dotolo akasimama kwa heshima, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema pole, pole sana dada yetu, kaka yako ametueleza yote.

Nikatafsiri: "Anasema habari ya siku."

Mama akakataa kiti.

Ndipo Chisale akatoa mfukoni. Akamfungua kwenye gazeti, akamweka kwenye meza. Yule wa mbao. Amepiga magoti, mikono juu. Akamwelekeza kwa Mama Xaverine, anatabasamu kama mtu anayeleta zawadi. Akamtazama wa mbao, akamtazama yeye. Akapiga makofi! Ni yeye! Ni yeye kabisa!

Mama Xaverine hakumshika. Alimtazama tu. Nilidhani atalia. Afadhali angelia.

Akasema, bila kupandisha sauti: "Sikupiga magoti."

Annuarite akaziba mdomo.

"Walisema nipige, nikakataa. Nilisimama mpaka wakaenda naye. Nilisimama mpaka siwaoni tena. Lwaboshi. Baambie." Si Papa Douce. Lwaboshi, jina langu lenyewe. "Baambie sikupiga magoti."

Wote wawili wakanigeukia. Dotolo na daftari lake, kalamu tayari. Anasemaje?

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno. Chichewa changu ni kizuri, kila mtu anajua.

Nikasema: "Anasema zikomo."

Wao wakafurahi. Chisale akaweka mkono kifuani. Na mimi nikakumbuka — nikiwa nimeshasema — kwamba hakuna mtu Dzaleka, hata aliyefika jana, asiyejua zikomo ni asante.

Mama Xaverine hakunipigia kelele. Alinitazama kama nilivyomwona akimtazama askari siku ile: kuona kosa liko wapi.

Nikakimbilia huku.

Sasa nasikia Dotolo anamwambia Chisale laki mbili, amwachie yeye yule wa mbao. Chisale anacheka, anakataa. Laki mbili na kumi.

Sasa nasikia yeye. Mama Xaverine. Anaongea Chichewa chake cha sokoni, neno moja moja, kama mtu anayevuka mahali pa matope.

"Ayi," anasema. Hapana.

Bei imesimama.

"Ayi zikomo. Ayi."

Dotolo anaita jina langu. Anauliza anamaanisha nini, ayi nini. Anaita tena. Annuarite ameshika pazia, hajalifungua, naona vidole vyake. Anasema, Papa Douce, toka. Anasema Mama anasema atarudia toka mwanzo, polepole, na safari hii nitafsiri kila neno.