Hukututaja, Mwalimu

Jumatano. Joto la kabla ya mvua. Mawingu yalijikusanya tangu asubuhi upande wa Kaliua, jioni yakatawanyika bila kudondosha hata tone.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Leo Bwana Shauri, afisa wa serikali kutoka Boma, alikuja kufanya baraza juu ya shule yetu. Boma linataka kuifunga na kuwahamishia watoto shule ya ng'ambo ya mto. Masika mto ule hauvukiki. Mtoto wa darasa la kwanza akikaa nyumbani msimu mzima harudi tena. Atakuwa amekwisha kupewa ng'ombe wa kuchunga.

Mimi nilikatazwa kusema. Barua ya Boma ilieleza kwamba mwalimu anayelipwa mshahara asitoe hoja barazani. Basi niliwaandikia wanafunzi wangu wa zamani, wakaja kumi na mmoja: Matiasi, karani wa stesheni ya Kaliua, Saidi, mwenye duka la nguo Tabora mjini, na wenzao. Watu wazima, wamevaa makoti. Wakaniamkia kwa sauti moja, "Shikamoo, Mwalimu!" kama zamani, nami nikafurahi kama mjinga.

Hapa sina budi kueleza jambo. Nilipoanza kazi nilikuwa na watoto sabini katika chumba kimoja. Nikaweka sheria: asiyetajwa jina hasemi. Tena nilikuwa nawatega. Nauliza, "Nani anajua?" na anayejibu kabla ya kutajwa anasimama nje juani. Muhula haukwisha, darasa likawa kimya hata nzi akipita unamsikia. Wakaguzi walinisifu sana.

Kulwa peke yake hakushika sheria hiyo. Alijibu kila swali, hata la mwenziwe. Mwaka wa pili nilimfukuza, nikalikata jina lake daftarini kwa wino mwekundu. Siku hizi anarina asali porini. Yeye sikumwandikia.

Bwana Shauri akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Kimya.

Nikatazama benchi la mbele, walipokaa wanafunzi wangu. Wote wamekaa wima, wamekunja mikono, macho kwangu. Akauliza mara ya pili. Saidi akakohoa, basi.

Sauti ikatoka nyuma kabisa. "Mimi ninalo!" Alikuwa Kulwa, ndoo ya asali miguuni. "Bwana, mto ule unanifika mimi kifuani. Mtoto utamfika wapi?"

"Wewe ulisoma hapa?"

"Mwaka na ushei, Bwana. Nilifukuzwa kwa maneno mengi."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Shauri naye akacheka, akaandika maneno mawili matatu, akasema atatoa uamuzi kesho asubuhi kabla ya kuondoka. Lakini kwa alivyoona, akasema, watu waliosoma hawana pingamizi.

Hawana pingamizi!

Nje nilimshika Matiasi mkono. "Ulimi umeusahau Kaliua?"

Akatazama viatu vyake. Mtu mwenye mvi, mwenye wajukuu. "Lakini Mwalimu, hukututaja."

Kulwa akapita na ndoo yake, akawaambia Matiasi na wenzake, "Mwacheni mzee. Mlifundishwa vizuri mno, ninyi."

Nilitaka kumkemea. Nikampisha njia.

Miaka yote hii nimejisifu kwa mwandiko wao, kwa hesabu zao, kwa kuwahi kwao kazini. Kila aliyeniambia, "Wanafunzi wako wana adabu," nilimshukuru. Sikujiuliza hata siku moja ni mara ngapi wamekaa hivyo hivyo mbele ya wakubwa wao kazini, wanalo jibu, wanangoja kutajwa. Hasira yangu kwao imepungua. Iliyobaki najua ni ya nani.

Wote, hata Kulwa, wamelala hapa shuleni. Bwana Shauri amepiga hema kando ya njia ya zamani ya misafara, pale babu zetu wapagazi walipokuwa wakitua mizigo. Nimeisoma tena ile barua, polepole, kama ninavyowafundisha watoto kusoma. Inanikataza kutoa hoja. Hainikatazi kuita mahudhurio.

Nimelitoa daftari la zamani sandukuni. Asubuhi nitasimama mbele ya hema na kuwataja mmoja mmoja. Kila atakayetajwa atasimama na kusema, ndivyo nilivyowalea.

Nitaanza na jina lililokatwa kwa wino mwekundu.